Shimo la Josho na Udongo Wake

Nyinyi mnaoshuka kule chini kupigwa picha za harusi kwenye nyasi za Shimo la Josho, nisikilizeni kidogo kabla hamjakanyaga ule ukingo wenye miti ya omotembe. Kemunto, kiongozi wenu, ameniomba niandike niliyojifunza katika kazi ya barabara, ati "vijana wapate maarifa, Sokoro." Sokoro ni babu kwa Ekegusii, na mtu akiniita hivyo kwa sauti laini huwa najua kuna kazi inakuja. Basi nimevaa miwani, nimekaa mbele ya nyumba, naandika. Msiposoma mpaka mwisho nitajua tu, kwa sababu mtakanyaga ukingo.

Mimi naitwa Ombati, na nilikuwa nyapara wa barabara mpaka nikastaafu. Mke wangu Bosibori akiulizwa kanisani mume wake anafanya kazi gani, alikuwa anajibu, "Huangalia watu wakifanya kazi." Sikatai. Lakini kuangalia nako kuna ufundi wake. Kuna mtu anaangalia shimo anaona shimo, na kuna mtu anaangalia shimo anaona maji yatapita wapi mwezi wa nne. Mimi nililipwa niwe yule wa pili, na kwa miaka mingi nilijifanya yule wa kwanza.

Nianze na aliyenifundisha. Mzee Salim alikuwa dereva wa tingatinga, mtu wa Kisii mjini, wa ukoo wa wauza nguo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, changu kilikuwa cha shule ya msingi huku Ekerenyo, na kila nilipofungua mdomo alizima injini ili asikie vizuri ndipo anicheke. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimesimama chini ya ukingo wa machimbo nakunywa chai. Hakupiga kelele. Alininyang'anya kikombe, akatembea nacho hatua kumi na tano, akakiweka chini, akarudi kwenye mashine yake. Nilifuata chai yangu nikinung'unika. Kabla sijaimaliza, ukingo ulimwaga udongo wa kujaza lori pale pale nilipokuwa. Tangu siku hiyo sijanywa chai chini ya kitu kinachonizidi urefu, na nyinyi msithubutu.

Salim ndiye aliyeniambia kwamba ardhi ina ngozi. Ule udongo mweusi wa juu, ambao ukiingiza mkono unakufika kwenye kiwiko, ndio ngozi yake. "Ukitaka nyama ya chini," alisema, "chuna ngozi kwanza, iweke kando. Ukimaliza, ivishe tena. Ukiipoteza, umeacha kidonda." Kila tulipofungua machimbo alisukuma udongo mweusi akaurundika pembeni, halafu akaniangalia mimi. Kulinda lile rundo ilikuwa kazi ya nyapara.

Sasa, pale mnapopigia picha palikuwa na josho la ng'ombe, ardhi ya umma isiyo na mwenyewe, chini kidogo ya boma la mzee aliyeitwa Nyakundi. Barabara yetu ilipokuja kujengwa, kampuni ilitafuta maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe unaoshindiliwa barabarani, na ni mimi niliyewapeleka pale. Siku hiyo nilijisikia mkubwa sana. Mtoto wa hapa hapa, ameleta mashine kwao. Nyakundi alikuja akasimama kwenye ua wake, akatazama tingatinga likichuna, akaniuliza, "Ombati, mtalifukia lini?"

"Tukimaliza barabara," nikamwambia.

Nililisema vile mtu husema "nitapitia" akiitwa mahali asikotaka kwenda. Barabara ikaisha. Mashine zikapandishwa kwenye trela asubuhi moja, nami nikaondoka nazo kwenda kazi nyingine. Shimo likabaki wazi.

Mtauliza ngozi ilikwenda wapi. Mnajua watu wetu na migomba. Wa kwanza alikuja na karai moja tu, akasema anataka kupanda mboga ya managu kidogo. Nikageuza uso. Wa pili akaja na wilbaro. Wiki ya tatu shemasi wetu alikuja na punda wawili na magunia, akanisalimia kwa jina la Bwana, akapakia. Na msinitazame hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshachukua kabla yao wote. Ile migomba iliyo nyuma ya nyumba yangu, mnayoisifu kila mkija, ambayo mkungu wake ukifika soko la Daraja Mbili wanawake wanauzunguka, imesimama juu ya ngozi ya Shimo la Josho. Salim alipoona rundo limekwisha alizima injini, akaniangalia kwa muda mrefu. Siku hiyo hakunicheka, na ningependa angenicheka.

Nyakundi alifariki miaka michache baadaye. Alizikwa nyumbani kwake kama desturi yetu ilivyo, upande wa chini wa nyumba, ambako baba yake pia amelala. Watu wakiimba, mimi niliteleza pembeni nikapiga hatua kutoka kaburini mpaka kwenye ukingo wa shimo. Kumi na mbili. Nyapara hawezi kuona mahali asipime, hata kwenye matanga.

Mjane wake ni mong'ina, yaani mama mzee, Kerubo, yule bibi mfupi mnayemwogopa. Mwogopeni tu, hata mimi namwogopa. Baada ya mazishi, kila tulipokutana njiani hakuniamkua kama watu. Aliniuliza, "Ombati, barabara imeisha?" Nami nilijibu, "Bado kidogo, mong'ina." Watu walicheka, wakadhani ni utani wetu. Yeye hakucheka hata mara moja. Tena hakula kwangu. Bosibori akimkaribisha, hata kwa ndizi ya kuchemsha tu, alisema ameshiba. Miaka yote hiyo alikuwa ameshiba.

Ukingo nao ulikuwa unakula. Maji ya mvua yaliteremka kutoka barabarani, barabara ile ile niliyoijenga, yakapita kando ya ua wake, yakaruka shimoni, na kila mwaka yakaondoka na kipande. Nikija likizo nilikuwa napita mbali nahesabu kwa macho. Kumi. Nane. Nilipostaafu nikarudi nyumbani moja kwa moja zilikuwa hatua nne. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi nilikuwa nimeacha ufa mpaka ukafika miguuni pa maiti. Na kule chini watu walitupa kila kitu, chupa, pampasi za watoto, mbwa aliyekufa. Maji yake yalikuwa ya kijani, na ndama wa jirani aliingia akakosa kutoka.

Sasa tuje kwenu, na msinune.

Kemunto amesomea ualimu na anangoja kuajiriwa, na mtu anayengoja kuajiriwa ana nguvu nyingi kuliko serikali. Aliwakusanya kwenye simu, mkajiita kikundi cha kujitolea, mkaamua kugeuza lile shimo liwe uwanja wa kupumzikia. Mkaenda Daraja Mbili kutafuta fulana za mitumba zinazofanana rangi. Ogeto wa bodaboda alinunua gambuti kwa haraka, akafika nyumbani akakuta zote ni za mguu wa kushoto. Akazivaa hivyo hivyo. Alitembea siku nzima kama mtu anayetaka kukata kona.

Kosa lenu la kwanza lilikuwa kuitisha kazi Jumamosi. Kilima chetu nusu ni Wasabato. Walipita na Biblia zao na nguo safi, wakawapungia mikono. Mkahamisha ikawa Jumapili, Wakatoliki nao wakawapungia mikono wakienda misa. Jumatatu na Alhamisi watu wanachuma majani chai, na gari la kiwanda halimngojei mtu. Mtu wa hapa anawezaje kusahau siku za hapa? Nilicheka mpaka Bosibori akaniuliza kama nimemeza nzi.

Kosa la pili halikunichekesha. Mlileta miche ya mikaratusi, kwa kuwa inakua haraka na kiwanda cha chai kinanunua kuni. Mkaipanda kwa mstari mmoja mzuri juu kabisa, ukingoni. Mkachimba mashimo yamenyooka utadhani yamepigwa kamba. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na kijiti changu. Nikaona kila shimo lile ni kikombe cha kukinga maji. Nikaona pia nyuma ya mstari wenu kuna ufa mwembamba kama uzi. Na hilo mlishike: mkiona ufa juu ya ukingo msisogee kuchungulia, rudini nyuma, kisha zuieni maji yasiingie.

Ningevuka barabara ningewaambia kwa neno moja. Sikuvuka. Niliogopa mtu asije akaniuliza, na wewe mzee umejuaje? Ningemjibu nini? Basi nikafanya kile Bosibori anachosema mimi hufanya. Niliangalia watu wakifanya kazi.

Wiki hiyo hiyo ikanyesha mvua ya mawe, ile inayopasua majani chai. Ilipokatika, mstari wote wa mikaratusi ulikuwa chini kwenye maji ya kijani, pamoja na hatua moja ya ardhi. Zilibaki tatu. Asubuhi nikakutana na mong'ina Kerubo njiani, nikajiandaa kusema bado kidogo. Hakuniuliza. Alinipita kama anayepita kisiki. Vijana, nimetukanwa na mainjinia, nimetukanwa na madereva wa malori, na hakuna lililoniuma kama kule kunyamaziwa.

Kemunto aliitisha mkutano pale kwenye sakafu ya josho la zamani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mbele ya watu, "Tumeongeza uharibifu, na tunaomba msamaha kwa nyanya." Nilimheshimu kuanzia siku hiyo, kwa sababu alikuwa na miezi miwili tu ya makosa na ameyasema, na mimi nilikuwa na maisha mazima. Wazee wakaanza maneno yao. Shemasi akasema jambo hili tuiachie serikali. Mwingine akasema kaburi lihamishwe, na hapo watu wote wakaangalia chini, kwa kuwa hilo si neno la kusema mbele ya mjane.

Ndipo mama mmoja akasema, "Kazi hii ni ya egesangio."

Nyinyi mliokulia mjini, egesangio ni hivi. Majirani wanalimiana kwa zamu. Leo wote wako kwangu, kesho kutwa wote wako kwako. Ambaye zamu ni yake hulima pamoja nao, na ndiye anayepika. Zamu ikihama, chungu nacho kinahama. Sheria ni hiyo tu na haijawahi kuandikwa mahali, lakini jaribu kutopika uone kama watarudi. Mlipoitisha watu na fulana na hotuba, mlifanya kila kitu isipokuwa hicho. Walikuja mara moja wakapigwa picha, wakaenda kutafuta chakula kwao.

"Egesangio ni sawa," shemasi akasema, "lakini shimo ni la umma. Zamu hii itakuwa ya nani? Nani atapika?"

Watu wakageuka kumtazama mong'ina Kerubo, maana boma lake ndilo lililo juu. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, shuka begani. Akasema polepole, "Mimi sikuchimba."

Nilisikia maji yakidondoka kule shimoni. Miguu yangu ikasimama kabla sijaiambia.

"Shimo ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyewaonyesha mashine. Mimi ndiye niliyemwambia Nyakundi tutafukia tukimaliza barabara, nikaondoka. Na udongo wake mweusi niliopewa kuulinda uko kwenye migomba yangu." Nilipaswa kuishia hapo, lakini mdomo ukifunguka huwa unazoea. "Na kwenye yako, shemasi. Punda wawili, magunia manne, tena ulirudi. Na yako, na yako." Nikaelekeza kijiti mmoja baada ya mwingine, maana nyapara hasahau nani alibeba nini. Kidogo kidogo watu wakaanza kucheka, hata shemasi akakohoa akatabasamu. Kerubo hakucheka. Lakini alinitazama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua ya mawe.

Nilifika nyumbani nikamwambia Bosibori kwamba Jumatano, siku isiyo ya kanisa wala ya majani chai, kuna watu thelathini wa kulishwa. Akasema, "Umechimba wewe, pika wewe." Nilidhani ni mzaha. Akachukua jembe lake akaenda zake.

Basi nikapika, mwanamume wa umri wangu. Ugali wa wimbi uliniganda kwenye sufuria mpaka Ogeto akaomba sururu. Na chinsaga, ile mboga yetu chungu, inataka ichemshwe, imwagwe maji, itiwe maziwa, ilale, ichemshwe tena. Mimi niliichemsha mara moja kama kabeji. Watu walitafuna wakitazamana. Kemunto alisema, "Ni tamu, Sokoro," na chozi likamtoka. Lakini Jumatano iliyofuata walirudi, na wengine wakaongezeka, nadhani walitaka kuona nitaharibu nini tena. Mong'ina Kerubo alikuja kila Jumatano na karai lake, akabeba mawe kama kila mtu. Saa ya chakula alisema ameshiba.

Sasa kazi yenyewe, sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye maarifa mliyoomba. Kitu cha kwanza ni maji, kabla ya mti, kabla ya ua, kabla ya picha. Tulichimba mtaro kule juu, kando ya barabara, tukayageuza maji yazunguke boma lote yateremke polepole kwenye nyasi upande wa pili. Mtaro usichimbwe kwa mteremko mkali, maji yakikimbia yanachimba. Mimina ndoo uone. Yakitembea kama mtu anayetoka kanisani, ni sawa. Yakikimbia kama mtu anayewahi gari la majani chai, rudia.

Cha pili ni ukingo. Kwa kawaida ukingo uliosimama wima unaukata kwa juu ulale. Pale hatungeweza kukata hata shubiri moja, kwa sababu juu kuna Nyakundi. Ilibidi tujenge kutoka chini tupande. Tulizoa takataka kwanza, zikatuchukua Jumatano tatu, na harufu yake sitaieleza. Tukapanga mawe makubwa mguuni, tukajaza magunia maramu mabovu yaliyoachwa na mashine, tukayapanga kama ngazi, kila ngazi imerudi nyuma kidogo. Nani asimame wapi, hilo niliamua mimi, na aliyekunywa chai chini ya ukingo nilikichukua kikombe chake nikatembea nacho hatua kumi na tano. Walinicheka. Wakazoea kufuata vikombe.

Kisha omotembe. Ule mti ukikata kipande cha unene wa mkono ukikichomeka chini kinachipua, na mizizi yake inashika udongo. Kata mshazari, upande mnene uende chini. Ogeto alichomeka safu nzima kichwa chini miguu juu. Nilipomwuliza akasema, "Mzae, mti si ni mti?" Tukaing'oa yote. Siku hizi yeye ndiye anawafundisha wengine na anawatukana kuliko mimi.

Ikabaki ngozi. Ngazi zilikuwa nyekundu tupu, na juu ya maramu nepia, ile nyasi ndefu ya ng'ombe, haishiki, inasimama wiki moja inakauka. Kanisani tulitangaza, kwa Wasabato na kwa Wakatoliki: kila aliyechukua udongo wa josho arudishe. Hakuna aliyetajwa jina. Nilidhani watakuja watano.

Jumatano hiyo nilianza na migomba yangu. Nilichimba pembeni ya mashina, nikajaza wilbaro, na Bosibori akasimama akiiangalia ile migomba kama anaaga watoto. Tulipofika barabarani tulikuta msururu. Karai, ndoo, magunia mgongoni, na mama mmoja ambaye aliolewa hapa juzi tu, hakuwepo wakati wa mashine, amebeba sufuria ya udongo, akasema anarudisha ule wa mama mkwe wake marehemu. Shemasi alikuja na punda wawili. Si wale wa zamani, hao walikufa, lakini wawili. Alishusha magunia manne, akaniangalia, akasema, "Nitarudi tena. Si ulisema nilirudi?" Nilikuwa nimekaa miaka yote nikiamini mimi ndiye mwenye aibu peke yangu kwenye kilima hiki, kumbe kila mtu alikuwa anakula ndizi zake akijua.

Tulivika ngazi zote udongo mweusi, tukapanda nepia kwa mistari, na sakafu ya shimo tukaipanda nyasi. Mkaweka benchi zenu, mkachora njia zenu zilizopinda bila sababu. Palipendeza. Lakini mimi nilikuwa nangoja mwezi wa nne, kwa kuwa kazi ya udongo haikaguliwi na mainjinia, inakaguliwa na mvua.

Ilinyesha siku tatu. Asubuhi ya nne ilipokatika nilitoka na kijiti changu kabla hata ya chai. Nilipita chini kwanza: nyasi zilikuwa na dimbwi, benchi moja imelala, mtaro umejaa na maji yanatembea kama watu wa kanisani. Kutoka chini ukingo ulionekana mzima, lakini mimi siamini macho. Nikapanda mpaka bomani kwa Nyakundi. Sikuwa nimeingia lango lile tangu mazishi. Nikaweka kisigino kwenye kaburi, nikaomba radhi kimoyomoyo, nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu, na mguu ukatua kwenye nepia. Nikarudi nikahesabu tena, maana mzee anaweza kujidanganya kwa kurefusha hatua. Tatu.

"Unahesabu nini?"

Mong'ina Kerubo alikuwa mlangoni mwa jiko lake. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Hatua, mong'ina. Ni tatu bado."

"Ni nne," akasema. "Mimi huhesabu kila asubuhi. Miguu yangu ni mifupi."

Nilidhani miaka yote ile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nahesabu, kwa macho, nikiwa mbali, na kumbe yeye alikuwa anahesabu kwa miguu, kila siku anayoamka. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama njiani.

"Ombati. Barabara imeisha?"

"Imeisha, mong'ina."

Akaingia ndani. Akatoka na kigoda, akakiweka karibu na kaburi, akarudi akaja na sahani. Ugali wa wimbi, na chinsaga iliyolala kwenye maziwa siku mbili, kama inavyotakiwa. "Basi kaa ule," akasema. "Na uwaambie wale vijana Jumatano hii chungu kiko kwangu."

Nilikaa. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa, na maji yakanitoka machoni, nikamwambia moshi wa jiko lake ni mkali.

"Jiko nimezima mapema," akasema. "Kula."